Godoro Ndani ya Nailoni

"Sema tu, dada. Umeandika kwamba nalipwa mshahara wa kupuliza filimbi."

"Sijaandika jina lako popote."

"Hukuwa na haja. Shule kumi na mbili, walimu wa michezo kumi na wawili. Ukisema hakuna anayefanya kazi, mimi nimo."

"Nimeandika nilichokiona. Nilikuja, nikafungua stoo, nikahesabu. Mipira ishirini na minne, yote mipya. Nyavu sita, hazijawahi kukunjuliwa. Godoro la kurukia moja, limo ndani ya nailoni yake. Ulitaka niandike nini? Kwamba nimewakuta watoto wanacheza humo ndani?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na sinki tangu aingie, na ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimvutia kiti, akakataa. Mtu akikataa kiti nyumbani kwa dada yake, ujue hakuja kusalimia. Baba watoto, ambaye hukimbia ugomvi kama paka anavyokimbia maji, alikuwa ameshatoka na kuacha nusu kikombe cha chai mezani. Tulibaki wanne jikoni: mimi, mdogo wangu, mama yetu kwenye kiti chake kando ya kabati la vioo, na binti yangu aliyekuwa akihangaika kupaka mkate siagi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Ile ilikuwa siku ya tisa tangu uvunjike.

Nieleze kazi yangu, maana ugomvi wote ulitokana nayo. Niko ofisi ya elimu, kitengo cha vifaa. Nina diploma ya ugavi, na ofisini wananiita Mama Stoo, wengine kwa heshima, wengine kwa kunikebehi, mimi huitika yote. Naingia stoo za shule, nahesabu kilichomo, nalinganisha na kilichoandikwa daftarini, naandika ripoti. Kwa miaka kumi na tisa hakuna ripoti yangu iliyorudishwa. Miezi miwili kabla ya asubuhi ile nilitumwa kuhakiki vifaa vya michezo katika shule zetu kumi na mbili. Ripoti ilifika kurasa kumi na moja, na sentensi ya mwisho ilisema hivi: vifaa havijatumika kwa mihula mitatu, na hakuna dalili ya michezo kuendelea shuleni.

Kamati ya fedha iliishika sentensi hiyo moja na kuziacha kurasa nyingine zote. Ikatoa pendekezo: fungu la michezo lifutwe, walimu wa michezo wapewe madarasa ya kawaida, kipindi cha alasiri kiwe cha hesabu, na fedha ziende kwenye mapaa. Kura ingepigwa siku hiyohiyo saa nane mchana, na mimi ndiye niliyetakiwa kusimama na kuisoma ripoti.

Sikuona ubaya wake. Nimewahi kuhesabu hadubini katika maabara moja nikiwa nimefungua mwavuli.

"Paa linavuja," nikamwambia mdogo wangu. "Watoto wanalowana darasani. Unataka niwaambie wanunue mipira mingine ya kufungia stoo?"

"Nataka uwaambie watoto wanacheza."

"Wanacheza na nini? Daftari lako la kutolea vifaa ni jeupe. Kurasa nzima. Hakuna saini hata moja. Nimewahi kuona daftari la msikitini la viatu lina maandishi mengi kuliko lako."

"Msikitini hakuna daftari la viatu."

"Ndiyo maana yake."

Mama alicheka kidogo kwa pua. Mdogo wangu hakucheka. Wanafunzi wake wanamwita Filimbi, kwa sababu huivaa shingoni hata siku ambazo hana kipindi, na asubuhi ile alikuwa ameishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika jino linalouma.

"Usimseme sana," mama akasema. "Kutunza si kosa. Akiba haiozi."

"Na wewe mama," Filimbi akamgeukia. "Hivyo vikombe vyako vya maua, mara ya mwisho kunywewa na mtu ni lini?"

"Alipokuja shemeji yako kuposa."

"Miaka kumi na saba."

"Na vyote sita vipo," mama akasema kwa fahari, akagusa ufunguo uliokuwa kwenye fundo la kanga yake.

Ningeweza kunyamaza hapo. Chai ingepoa, kila mtu angekwenda kazini kwake, na saa nane ningesoma kurasa zangu. Lakini mimi nikianza kushinda siachi, ni tabia niliyozaliwa nayo, na mama anasema nilitoka tumboni nikiwa nimekunja ngumi. Nikamwonyesha mkono wa binti yangu.

"Michezo yenyewe ndiyo hii. Mtoto ametoka hapa mzima, karudi mfupa umevunjika mara mbili. Huoni haya kuitetea michezo mbele ya plasta hii?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Alikuwa anapenda kujibu, tena kwa haraka, na kule kuinamisha kichwa kulinishangaza. Binti yangu akaweka kisu cha siagi mezani. Ana miaka kumi na minne, miguu mirefu kuliko ya baba yake, na shule nzima inamwita Korongo. Si msemaji sana.

"Mama, haikuwa michezo," akasema. "Ni magunia."

"Magunia gani?"

Akamtazama mjomba wake kwanza. Mjomba akamwambia, "Mwambie."

"Tunayorukia kwenye kuruka juu. Yaliachana. Nilivuka ufito, mama, nilivuka vizuri kabisa, haukutikisika hata kidogo. Nikaangukia katikati, pale yalipoachana. Chini pale ni saruji."

Nilielewa kabla hajamaliza, lakini nikauliza, kwa sababu nimezoea kuuliza hata kitu ninachokiona.

"Mbona mnarukia magunia na godoro lipo?"

"Godoro ni la mashindano," Korongo akasema.

"Mashindano gani?"

"Ya kanda."

"Mmeshawahi kulipeleka huko?"

Filimbi ndiye aliyejibu. "Mashindano ya kanda hufanyika kwenye shule yenye uwanja mkubwa. Wana godoro lao. La kwetu hubaki."

Mama akauachia ufunguo wake.

Mimi nililishika godoro lile. Nakumbuka nilivyolishika. Niliweka kiganja juu ya nailoni, ikalia kama karatasi ya peremende, nikamgeukia mwalimu mkuu na kumwambia, "Huyu mwalimu wako anajua kutunza." Nikaandika: godoro, moja, hali nzuri sana. Na mwanangu alikuwa nyuma ya ukuta uleule, anarukia magunia. Ukuta mmoja. Sikuzunguka kwenda kuona, kwa sababu nilitumwa kuhakiki stoo, na uwanja si stoo.

"Kwa nini?" nikamuuliza mdogo wangu. Niliisikia sauti yangu imeshuka. "Kwa nini umelifungia?"

"Unakumbuka semina?"

Niliikumbuka. Ilikuwa miaka miwili nyuma, kwenye ukumbi wa ofisi, walimu wa michezo wote kumi na wawili na wakuu wao. Niliwafundisha kutunza vifaa vya umma kuanzia asubuhi hadi saa tisa.

"Ulisimama mbele," akasema, "ukapiga meza kwa rula, ukasema: kisichotoka hakipotei. Ukatuambia tuseme wote kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Tukasema. Halafu ukatugawia karatasi tubandike kwenye milango ya stoo."

"Nilikuwa nazungumzia wizi."

"Hukusema wizi. Na kabla ya hapo, nilipokuwa shule ile ya kwanza, mipira mitatu ilipasuka. Uwanja ulikuwa na miiba. Nikaandikiwa barua nieleze kwa maandishi kwa nini nisikatwe mshahara. Barua ile bado imo kwenye faili langu. Uliisaini wewe."

"Niliisaini kwa sababu ndiyo kazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana sikukununia. Nilifunga stoo tu."

Mama akasema polepole, kama anayejisemea, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Sikujua alikuwa anamsema nani. Huenda hata yeye hakujua.

Nilimimina chai yangu kwenye sinki, nikavaa viatu vya ofisini, vyeusi, vya kisigino kifupi, vilivyong'arishwa usiku uliotangulia kwa ajili ya kikao. Nikamwambia Filimbi atangulie na funguo, na Korongo nikamwambia amalize mkate wake, tunakwenda pamoja.

"Unakwenda kufanya nini?" mdogo wangu akauliza.

"Kuona."

"Ulishaona."

"Nilihesabu," nikasema.

Shule ya Korongo na mjomba wake iko mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakwenda kujiandaa na kikao, na wanafunzi walikuwa wanafagia. Wakaniamkia kwa mkupuo, nikaitikia, nikapita mlango wa stoo bila kusimama. Karatasi yangu ilikuwa palepale, kona moja imeliwa na mende. KISICHOTOKA HAKIPOTEI. Chini yake jina la ofisi na muhuri. Nikazunguka ukuta.

Nyuma kulikuwa na magunia manane, yamepangwa mawili mawili na kufungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Ndani yalijazwa maranda kutoka kwa fundi seremala wa barabara ya pili. Maranda yakiwa makavu hubonyea. Yakinyeshewa na kukauka mara kadhaa hushikana, na haya yalikuwa yameshikana. Nilibonyeza kwa kiganja kilekile nilichobonyezea godoro. Ilikuwa kama kubonyeza benchi. Kati ya safu ya pili na ya tatu palikuwa na mwanya wa kuingia mguu, na chini ya mwanya nikaona saruji ya mtaro wa zamani. Mtu alikuwa ameimwagia maji na kuisugua, lakini saruji haisahau damu upesi. Korongo alisimama nyuma yangu, simwoni, namsikia tu akipumua.

"Ni pale," akasema, ingawa sikuuliza.

Mbele ya magunia zilikuwepo nguzo mbili za bomba, zimetobolewa na kuwekwa misumari, na ufito wa mwanzi juu yake. Halafu nikainua macho nikaona ukuta.

Ukuta wa nyuma wa stoo ulikuwa umeandikwa kwa mkaa kutoka usawa wa kiuno hadi mahali mtu mzima hawezi kufika bila kupanda kitu. Ulichorwa mistari kama karatasi ya daftari. Upande wa kushoto majina, mengi yakiwa ya utani: Korongo, Kiberiti, Bibi Harusi, Nusu Mkate, Simu ya Mezani. Mbele ya kila jina urefu aliovuka, na tarehe. Mihula mitatu yote. Palipofutika kwa mvua palikuwa pameandikwa upya juu yake.

"Nani anaandika?" nikauliza.

"Mimi," Filimbi akasema. "Kila Jumatatu na kila Alhamisi."

"Kwa nini ukutani?"

"Daftari la kutolea vifaa ni la kutolea vifaa. Sikutoa kifaa."

Hilo ni jibu la mtu niliyemfundisha mimi. Mimi nahesabu, ndiyo kazi yangu, basi nikahesabu. Majina arobaini na moja. Alama za kuvuka nilifika mia tatu na kitu nikaacha, maana macho yalianza kunidanganya. Urefu aliouvuka Korongo ulianza chini, kama usawa wa nyonga yangu, ukapanda kwa vidole viwili, kwa kidole kimoja, wakati mwingine mwezi mzima haukupanda. Alama ya mwisho ilikuwa mita moja na sentimita arobaini na nane. Nikasoma tarehe. Ilikuwa ile siku niliyopigiwa simu ofisini nije hospitali.

"Uliandika siku hiyohiyo?"

"Niliporudi kutoka hospitali," mdogo wangu akasema. "Alikuwa amevuka, dada. Ningefanyaje, nisiandike?"

Tarehe hiyo nilikuwa nimeshaandika, na kupeleka, kwamba hakuna dalili ya michezo. Ukuta huo ulikuwa na upande mmoja ndani ya stoo na upande mmoja nje. Mimi niliegemea wa ndani nilipokuwa naandika. Nakumbuka, kwa sababu chokaa ilinichafua mgongo wa blauzi.

"Fungua stoo," nikasema.

Ndani mlikuwa na harufu ya raba na karatasi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kwenye rafu zenye lebo, mipira imepangwa kama mayai. Nikachukua mmoja, nikamwomba pampu. Filimbi akaujaza mwenyewe, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayemvalisha mtoto wa jirani. Ulipoanza kukaza ukatoa sauti ndogo, nikaona mshono unafunguka na raba ya ndani imechanika vipande kama tope lililokauka. Akachukua wa pili. Wa pili ulishika. Wa tatu ukafanya kama wa kwanza.

Akiba haiozi, mama alisema asubuhi ile. Mipira inaoza. Tulijaza yote ishirini na minne, na kumi na mmoja ilikufa mikononi mwake bila kupigwa hata teke moja. Mdogo wangu aliiweka pembeni kwa mstari. Alipoweka wa mwisho alikaa juu ya kreti, akaficha uso kwa viganja. Mtu mzima amefanya nilivyomwambia, neno kwa neno. Na kama yeye alifanya hivyo, wale kumi na mmoja wengine walifanya hivyo pia. Nilizipita stoo zao zote. Zote zilikuwa safi. Nilizisifu.

Nikatoa simu, nikampigia mkuu wa idara.

"Mama Stoo," akasema. "Umeamka na kikao. Safi. Karatasi zako nimeshazitoa nakala kumi na tano."

"Bosi, ripoti yangu ina kosa. Naomba iondolewe mezani leo."

"Kosa la hesabu?"

"Hesabu iko sawa. Sentensi ya mwisho si kweli. Nilihesabu stoo, nikasema habari za uwanja."

"Sasa si urekebishe hiyo sentensi ukiwa palepale kikaoni? Unasimama, unasema kidogo, unakaa."

"Kamati imejenga pendekezo lote juu ya sentensi hiyo. Nikiipunguza kidogo watapunguza kidogo. Haitakiwi kupungua, inatakiwa itoke. Nipe mwezi nirudie shule zote kumi na mbili, stoo na viwanja."

"Na paa?"

"Paa linavuja kweli, na nitasema hivyo. Lakini wasiseme wanalitengeneza kwa fedha ya kitu kisichokuwepo. Kipo. Nimesimama mbele yake."

Nilimsikia akivuta kiti. Ni mtu mwema, lakini ni wa ofisini, na watu wa ofisini hupenda kosa lililokufa kuliko kosa linalopiga simu asubuhi.

"Watauliza nani aliwafundisha walimu kufungia vifaa," akasema.

"Mimi. Nitawaambia mimi."

"Itabidi nikuandikie barua ya kujieleza. Unajua hilo."

"Niandikie. Najua inavyoandikwa, nimeziandika nyingi."

"Miaka kumi na tisa, Mama Stoo."

"Ndiyo."

Akakohoa. "Basi nitasema imeondolewa na mwandishi wake. Uje saa nane useme mwenyewe. Kura haitapigwa bila ripoti, angalau mwezi huu. Baada ya hapo sikuahidi kitu."

"Sikukuomba uniahidi."

Nikakata. Filimbi alikuwa ameondoa mikono usoni, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo, nilipomwambia mama kwamba sahani nimevunja mimi, wakati alivunja yeye. Tofauti ni kwamba safari hii sahani nilivunja mimi kweli.

"Nipe daftari," nikasema.

"Lipi?"

"Jeupe."

Akalitoa. Nikalifungua ukurasa wa kwanza, nikaandika tarehe na saa: saa mbili na dakika arobaini. Mipira, kumi na mitatu. Nyavu, sita. Godoro la kurukia, moja. Kwenye safu ya anayepokea na kuwajibika nikaandika jina langu na kusaini.

"Hapo ni pa mwalimu," akasema.

"Nimeona."

"Ikipasuka utakatwa wewe."

"Mwalimu, usinifundishe fomu niliyoitengeneza. Shika upande ule."

Godoro lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, maana siku ile nilihesabu bila kuinua. Tulilivuta hadi mlangoni, na pale wanafunzi waliokuwa wanafagia wakaacha mafagio, wakashika kila mahali pa kushika. Filimbi alipopita mlangoni akaitazama karatasi yangu.

"Niibandue?"

"Iache. Watu wajue alianza nani."

Wakasogeza magunia, wakaweka godoro mahali pake, likaziba mtaro wote na nafasi ikabaki. Kwenye mkoba wangu huwa natembea na kisu kidogo cha kukatia maboksi. Ni kifaa cha kazi, nakata nacho kila kitu ninachotakiwa kuhakiki ndani yake. Godoro lile sikulikata. Nilipokuja kuhesabu niliona lebo iliyobandikwa juu ya nailoni, nikaridhika.

Nikachoma kisu kwenye kona, nikavuta. Nailoni ilikatika kwa sauti ndefu, na hewa ya ndani ikatoka na harufu ya kiwanda, harufu ya kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mtu. Nikakata pande zote nne, wasichana wawili wakaivuta nailoni na kuikunja vizuri, kana kwamba itahitajika tena. Nikawaambia waitupe. Godoro lilikuwa la bluu. Hakuna aliyewahi kujua kama ni la bluu.

Kisha hakuna aliyesogea. Walisimama kulizunguka, arobaini hivi, wakiwa wameacha nafasi ya hatua moja kati ya vidole vyao na ukingo. Msichana mmoja mwembamba, nadhani ndiye Kiberiti, akainama akavua viatu, akavipanga pembeni. Wa pili akavua. Mara wote wakawa wanavua, wengine wanapangusa nyayo kwa soksi, na bado hakuna aliyepanda.

"Wanaogopa kulichafua," Korongo akaniambia kwa sauti ya chini. Mkono wake wa plasta alikuwa ameukumbatia kifuani. "Mjomba aliwaambia ukilichafua unalipa."

Mjomba wake aliangalia pembeni.

Nilitazama viatu vilivyopangwa kwenye vumbi, jozi kwa jozi, kama mlangoni kwa mtu mkubwa. Nikapita katikati ya watoto. Nikapanda juu ya godoro na viatu vyangu vya kikao, visigino na vyote, udongo wa uwanja ukiwa chini yake. Kisigino kikazama, nikayumba kidogo, nikajishika. Nikatembea hadi katikati, pale chini yake palipokuwa na ule mtaro, nikasimama kwa miguu yote miwili, halafu nikarudi. Alama zangu zilibaki nyuma yangu, kumi na mbili, za kahawia juu ya bluu, zinaonekana na kila mtu.

Nikashuka. Korongo alikuwa ameshakwenda kwenye nguzo, akiuinua ufito kwa mkono wa kushoto na kuuweka kwenye msumari wa chini kwa ajili ya wenzake.

"Haya," nikamwambia mdogo wangu. "Puliza."